Wifi yangu anataka tuanze pamoja kwa kasi, naogopa kuishia njiani

Shikamoo Kocha,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, msusi, saluni yangu iko Buzuruga, Mwanza. Mwaka huu nilijiunga na kikundi cha jogingi baada ya kuona nahema nikipanda ngazi za jengo la ghorofa mbili tu. Nashukuru nimebadilika, na sasa nimelipia mbio zangu za kwanza, kilomita 10. Zinaanzia viwanja vya Furahisha, zinashika barabara ya uwanja wa ndege, zinapita Pasiansi, kisha tunageuza na kurudi kwa njia ileile. Zimebaki wiki tano.

Wiki mbili zilizopita kikundi chetu kilifanya majaribio ya kilomita 8, kutoka uwanja wa Nyamagana kwenda kuzunguka Capri Point na kurudi. Wifi yangu ndiye aliyeniingiza kwenye mazoezi na yeye ana kasi. Akaniambia, "Shikana na mimi, usikubali kuachwa." Kilomita ya kwanza simu ilisoma dakika 5 na sekunde 40, na nilijisikia mwepesi kama sijabeba mwili. Tulipoanza kupanda kilima kifua kikabana, kichomi kikanishika ubavu wa kulia, nikaanza kutembea. Wakanipita wote. Wa mwisho kunipita alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, amevaa raba mtoni, anapumua taratibu kama mtu anayetoka msikitini. Nilifika nikilia. Siku tatu nilishuka ngazi kinyumenyume, na Jumatatu yake nilisuka kichwa kimoja, mteja wa pili nikamwomba arudi kesho.

Nikiwa peke yangu, kilomita 5 kwa kujitahidi natumia dakika 35. Sasa kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia nimeze vidonge viwili vya diklofenaki kabla ya kuanza ili nisisikie maumivu. Mwingine anasema nikimaliza niingie ziwani nikae nusu saa, miguu itapona. Wifi anasema anayeanza polepole hubaki polepole. Naogopa kumwambia sitakimbia naye, ataona najitenga. Mbio ni Jumapili, na Jumatatu lazima nifungue, kazi yangu ni ya kusimama kutwa.

Nisaidie.
Msusi, Buzuruga

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na yale machozi, maana ndiyo yaliyonifanya nichukue barua yako kabla ya nyingine. Ulichoka siku ile kwa sababu ulikimbia mbio za mtu mwingine. Tazama hesabu yako mwenyewe. Kilomita 5 kwa dakika 35 ni dakika 7 kwa kila kilomita, na hapo unasema unajitahidi. Siku ya Capri Point ulianza kwa 5:40. Yaani ulikwenda haraka zaidi ya uwezo wako kwa dakika 1 na sekunde 20 katika kila kilomita, na mbele yako kulikuwa na kilomita saba na kilima. Hakuna mwili unaolipa deni hilo bila kusimama, hata ungekuwa na moyo wa chuma.

Ule wepesi uliousikia ni mtego, na wote tunaonaswa hunaswa papo hapo. Umesimama kwenye mstari, watu wamekubana, moyo unadunda kabla hujapiga hatua, na damu imejaa homoni ya msisimko inayofanya kila mwendo uonekane rahisi. Wakati huohuo mapafu na moyo vinahitaji dakika mbili tatu kabla ya kuanza kupeleka hewa inayotosheleza misuli. Kwenye pengo hilo misuli inachoma akiba yake ya sukari bila hewa ya kutosha, na wewe husikii chochote. Kifua hubana baadaye, mahali ambapo kosa halikufanyika, ndiyo maana watu wengi hudhani kilima ndicho kilichowaua. Mzee wa raba mtoni alipanda kilima kilekile.

Sasa tupange kilomita 10 zako. Mtu wa dakika 35 kwa kilomita 5, akifanya mazoezi vizuri, anaweza kutarajia kilomita 10 kwa saa 1 na dakika 13 hadi 15. Mwendo haubaki ule wa kilomita 5, kwa kuwa umbali ukiongezeka kasi hupungua kidogo kwa kila mtu. Kwa hiyo kilomita mbili za kwanza kimbia kwa dakika 7 na sekunde 45 kila moja. Utaona aibu. Watu watakupita, wengine wamevaa fulana kubwa za mdhamini, wengine wanapiga picha huku wakikimbia. Waache wapite. Kuanzia kilomita ya tatu hadi ya saba shuka kwenye 7:25. Ukifika kilomita ya saba una pumzi, hapo ndipo nakuruhusu kujaribu 7:10 mpaka mwisho. Ukijumlisha utapata kama saa 1 na dakika 14.

Usitegemee simu peke yake, zinadanganya. Vaa saa ya kawaida, iwashe unapovuka mstari wa kuanzia na siyo king'ora kinapolia, na asubuhi ile andika kwa kalamu kwenye kiganja cha kushoto: kilomita 2, 15:30. Kilomita 5, 37:45. Kilomita 7, 52:35. Ukifika bango la kilomita 2 saa inasoma 13, umeshajiibia. Punguza hapohapo, usingoje kifua kikwambie.

Na kama saa ikikugomea, una kipimo kingine ambacho hakihitaji betri. Uko Usukumani, barabarani watakuwepo kina mama na wazee wamesimama kuangalia. Wasalimie. Ukiweza kusema salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka mayo," ukasikia wanavyoitikia, na ukajibu "mhola" bila kukata neno katikati, mwendo wako ni sahihi kwa nusu ya kwanza. Ukiweza kutoa neno moja moja tu, umezidisha. Mimi wanafunzi wangu wote wapya nawaanzishia hapo, tunauita mwendo wa salamu. Kuanzia kilomita ya saba salamu zikikushinda ni sawa, ndipo mbio zinapoanza kweli.

Jambo moja kuhusu njia yenu ya kwenda na kurudi. Kabla hujafika kwenye kugeuza utakutana na wanaorudi, na wifi yako atakuwa miongoni mwao. Atakupungia, atakuita kwa jina. Miguu itataka kumfuata yenyewe. Mpungie na wewe, kisha tazama kiganja chako.

Kuhusu wifi mwenyewe, usikwepe. Mwambie mapema, nyumbani, mkiwa na chai, siyo kwenye mstari wa kuanzia mbele ya kikundi. Mwambie: "Wifi, wewe ndiye uliyenileta huku na nakushukuru. Siku ile tutatoka nyumbani pamoja na tutarudi pamoja, ila pale katikati kila mmoja atakwenda mwendo wake, na nitakukuta umenishikia maji." Mtu anayekupenda ataelewa. Asipoelewa siku hiyo, ataelewa atakapokuona unavuka mstari ukikimbia.

Kauli yake kwamba anayeanza polepole hubaki polepole naielewa inakotoka. Sisi tuliokua tukimsikia Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, redioni tulipenda mtu anayeshika mbele tangu mwanzo. Lakini Ikangaa alikuwa amejijenga kwa mazoezi ya miaka, na hata yeye, kwenye marathoni ya Boston mwaka 1990, alipoongoza kwa kasi kali, Gelindo Bordin wa Italia alimpata kwenye vilima vya mwishoni na kumwacha nafasi ya pili. Halafu mkumbushe wifi kuhusu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu, kwenye marathoni ya dunia Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Mjerumani Amanal Petros ndiye aliyekuwa mbele wakielekea utepe. Simbu alikuwa bado ana kitu cha kutoa, akampata hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, tofauti ikiwa sehemu 3 za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano ya riadha ya dunia. Sikulinganishi na Simbu. Nataka tu uone kwamba kutunza nguvu siyo tabia ya wanyonge.

Ukishikwa na kichomi tena, usisimame ghafla. Punguza, bonyeza pale kwa vidole, toa pumzi ndefu mpaka tumbo liingie ndani. Na kilimani au kwenye meza ya maji tembea haraka hatua thelathini ukihitaji, kabla hujalazimika. Hilo halikuondolei heshima yoyote.

Mazoezi ya wiki hizi tano yasiwe magumu. Mara tatu kwa wiki yanatosha kwa mtu anayesimama kutwa. Siku mbili za katikati ya wiki kimbia dakika 30 hadi 40, moja kati ya hizo dakika kumi za mwisho ongeza mwendo. Jumapili ndiyo ya umbali, kwa mwendo wa salamu tu: kilomita 7, Jumapili inayofuata 8, kisha 9, kisha shuka 6. Wiki ya mbio kimbia dakika 20 mara mbili na uishie hapo. Viatu tumia vilevile ulivyovizoea, hata kama ni vya mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja, mradi soli haijalala upande mmoja. Usivae kipya siku ya mbio.

Siku inayonitia wasiwasi kwako kuliko Jumapili ni Jumamosi yake. Najua kazi yenu. Jumamosi ndiyo ya maharusi na misuko mirefu, unasimama kuanzia saa 2 asubuhi mpaka usiku, shingo imeinama. Mtu aliyesimama saa kumi na mbili ameshatumia miguu yake. Waambie wateja kuanzia wiki hii: misuko mikubwa iwe Ijumaa, Jumamosi unafunga saa 8 mchana. Tafuta kigoda kirefu, suka umekaa. Usiku kula chakula chako cha kawaida, ugali au wali na sato wa mchuzi, usile maharage wala kabichi siku hiyo. Maji kunywa ukisikia kiu. Kujijaza maji usiku kucha hakukusaidii, na mtu akinywa maji mengi kupita kiasi wakati wa mbio chumvi ya damu hushuka, jambo ambalo ni hatari kuliko kiu. Alfajiri, saa moja na nusu au mbili kabla ya kuanza, chai ya sukari na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) vipande vichache, au mkate. Lijaribu tumbo lako kwanza kwenye mazoezi ya Jumapili.

Sasa vidonge. Hapa naomba unisikilize kama binti yangu. Usimeze diklofenaki wala ibuprofen kabla ya mbio. Ukitoka jasho jingi damu inayokwenda kwenye figo hupungua, na dawa za aina hiyo huipunguza tena. Zinachubua tumbo pia. Na zaidi ya yote zinafunika maumivu ambayo yangekwambia simama. Hata baada ya kumaliza ngoja kwanza unywe, ule, na ukojoe vizuri. Kama usiku maumivu yanakunyima usingizi, paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti inatosha.

Na ziwa, hapana. Nimewaona vijana wengi wakitoka mbio na kuingia moja kwa moja majini kwenye kingo zenye majani. Maji ya baridi kweli hupunguza maumivu ya misuli kidogo, lakini ziwa letu la Viktoria halina ubaridi huo, ni vuguvugu mwaka mzima. Kilichomo kwenye maji ya ufukweni ni konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda hata kimoja. Nusu saa ya kukaa pale inatosha kabisa. Kaoge nyumbani kwa maji ya bomba, miguu umwagie ndoo ya maji yaliyolala nje usiku ukipenda.

Ukivuka mstari usikae kwenye ukingo wa barabara, hata kama kila mtu amekaa. Tembea dakika kumi hadi kumi na tano. Damu iliyokuwa ikisukumwa na misuli ya miguu ikikosa msukumo ghafla hujikusanya chini, kichwa kinazunguka, watu wanaanguka wakiwa wameshamaliza. Vua fulana iliyolowa, vaa kavu, upepo wa asubuhi unaotoka ziwani unaingia mwilini. Kunywa taratibu. Ndani ya saa moja kula kitu chenye wanga na protini pamoja: ndizi na mayai mawili, au ukifika nyumbani ugali na dagaa. Mchana lala hata saa moja. Watoto waombe kwa baba yao.

Maumivu yatakuja, na hayatakuja siku hiyo. Yataamka Jumatatu, na mara nyingi yanafika kileleni kati ya saa 24 na 72. Wengi husema ni asidi iliyobaki miguuni. Siyo hiyo, ile huondoka ndani ya saa moja au mbili. Haya ni michaniko midogo sana ndani ya nyuzi za misuli, hasa ya mbele ya paja, na kinachoichana zaidi ni kushuka mteremko, kwa sababu msuli unarefuka huku unabeba uzito. Ndiyo maana baada ya Capri Point ngazi zilikushinda kushuka na siyo kupanda. Mwili unaishona michaniko hiyo wenyewe, na ikishapona msuli unakuwa imara kuliko awali. Asikukande mtu kwa nguvu siku mbili za kwanza, wala usipelekwe kwa wa kunyoosha viungo. Kugusa kwa upole kwa mafuta ya kawaida kunatosha.

Jumatatu fungua saluni, lakini fungua saa 4. Weka vichwa viwili tu, vya kusuka ukiwa umekaa, na kila baada ya nusu saa inuka utembee mpaka mlangoni na kurudi. Kusimama palepale ndiko kunakogandisha miguu, kutembea kunasaidia. Usikimbie mpaka Alhamisi au Ijumaa, kisha dakika 20 hadi 30 za mwendo wa salamu. Mazoezi ya kasi yangoje siku kumi. Wifi akikuita Jumanne, mwambie Kocha amekataza.

Kuna mambo ambayo siyo uchovu, na usiyavumilie. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa unayoweza kuiweka kidole. Mguu mmoja kuvimba na kuwa na joto. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Kifua kuuma, au kubana na kisiachie hata ukipunguza mwendo, au kuzimia, wakati wa mbio au baadaye. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuongeze hili: mbio hazileti homa. Ukisikia mwili unauma wote pamoja na homa, kichwa na baridi, usijisemee ni kilomita 10, nenda kapime malaria. Namkumbuka mwanafunzi wangu mmoja aliyekaa siku nne akidhani ni mazoezi, na alipopelekwa hali yake ilikuwa mbaya.

Kabla ya hayo yote, wiki hii pita kituo cha afya upime presha, na kama kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, mwambie daktari kwamba unajiandaa na mbio.

Ukimaliza niandikie tena. Muda wako nitafurahi kuusikia, lakini kwanza niambie ulipita bango la kilomita ya saba ukiwa katika hali gani, na ulisalimiana na nani.

Kocha